Mawe Niliyoyafungua: Wasifu wa Marehemu Hansine Olaug Larsen

Marehemu Hansine Olaug Larsen, mfumaji na mwalimu wetu, alizaliwa tarehe 9 Februari 1941 hapa Manndalen, kaskazini mwa Norwe, kitinda mimba wa Nils na Petrine Isaksen. Mimi Jorun, mtoto wa kaka yake, ndiye niliyeombwa nisome. Mnivumilie.

Mwaka 1948 alipelekwa shule ya bweni, ambako Kisami, lugha yetu, kilikuwa mwiko. Alirudi mwaka 1955 akiwa mkimya sana. Ila akisimama kufuma alihesabu nyuzi kwa Kisami, kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Mama yake alimfundisha kufuma mablanketi ya sufu kwenye kitanda cha mfumi cha wima, kile ambacho nyuzi za mtande, zile za juu hadi chini, hunyooshwa na mawe yanayoning'inia chini. Tangu 1979 alifundisha watu arobaini na watano, na wengi wenu mko hapa. Hakuwa mpole, tusidanganyane. Alfhild, mmoja wa wanafunzi hao, alifumuliwa kazi ya wiki mbili mbele ya wageni, akalia, akarudi kesho yake. Leo ndiye fundi kutushinda sote.

Tarehe 20 Juni 1964 aliolewa na Edvin Larsen, dereva wa gari la kusukuma theluji. Edvin alipokuja kuposa alileta mawe ishirini ya kufumia, aliyoyabeba mwenyewe kutoka ufukweni. Shangazi akayapima mkononi moja moja, akamrudishia saba.

"Haya mepesi," alimwambia. "Mepesi kama maneno yako. Niletee mengine."

Akaleta. Wakaishi pamoja hadi Edvin alipofariki mwaka 2009.

Oktoba mwaka huu wa 2022 moyo ulianza kumsumbua, na tarehe 3 Novemba alilazwa hospitalini Tromsø. Blanketi lake la mwisho lilibaki nyumbani kwenye kitanda cha kufumia, limefika nusu. Aliniachia ufunguo wa nyumba na agizo moja tu, kwamba nisiguse kitu.

Karatasi mliyoshika inaishia na tarehe ya kifo. Haya yanayofuata sikuyapeleka kwa mchapaji, kwa sababu niliogopa, na bado naogopa.

Nilipokwenda nyumbani kwake kuwasha jiko, nilisikia boriti ya kitanda ikilia. Ni mbao za enzi za bibi. Nikajiambia itavunjika, na lawama zote zitakuwa zangu. Nikapiga magoti nikayafungua mawe yote, nikayapanga ukutani, nikaenda zangu nikijiona nina akili. Siku ya kwanza kabisa kila mwanafunzi wake huambiwa kwamba mtande umesokotwa kwa nguvu, ukikosa uzito hujikunja wenyewe. Mimi nimeambiwa hivyo miaka kumi na minne. Niliporudi asubuhi nilikuta nyuzi zimejisokota na kukamatana kuanzia chini hadi kwenye kitambaa. Niligusa uzi mmoja, nyingine tatu zikakazika. Nikafunga mlango, na sikumwambia mtu.

Tarehe 17 Novemba nilikaa naye hospitalini. Alikuwa hana nguvu hata ya kushika kikombe. Akaniuliza, "Mwanangu, mawe bado yananing'inia?"

Nikamwambia, "Yananing'inia, Shangazi."

"Vizuri," akasema. "Basi nilale."

Akalala, na saa tisa alasiri akafariki. Hilo ndilo neno la mwisho alilosikia kwangu, na lilikuwa uongo. Tangu siku hiyo naogopa kuingia nyumbani kwake, naogopa macho ya Alfhild, naogopa hata kushika sufu. Nimejaribu mara mbili peke yangu. Nimefungua nyuzi kumi na tisa, na zimebaki zaidi ya mia tatu. Nyingine nazikata tu kwa pupa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Solbjørg na Ivar, wajukuu watano, kaka mmoja, ambaye ni baba yangu, na wanafunzi wake arobaini na watano. Ni ninyi wanafunzi ninaowaomba. Tukishakunywa kahawa, njooni nyumbani kwake. Nisemeni mnavyotaka, ni haki yangu, lakini njooni na mikono yenu tuufungue mtande na tuyarudishe mawe. Shangazi alilala akiliamini neno langu. Nisaidieni liwe kweli, ndipo nami nithubutu kusema: apumzike kwa amani.