Supu ya Mzizi wa Radi

Basi la kwenda Taining lilikuwa halijatoka hata stendi, mama mmoja kando yangu alishatuonyesha sote vidole vyake. "Vilivimba kama tangawizi! Mzizi wa radi ndio umevinyoosha. Nauchemsha na bata, nyumba nzima tunakunywa."

Jirani yake, mwanamke mwenye kapu la uyoga, akageuka. "Hata wanaume?"

"Mwanangu bakuli mbili! Fundi mwashi, magoti yanamvimba."

"Mama, mzizi huo unatuliza uvimbe kweli, ila unamaliza mbegu za mwanamume. Hospitali vijana hawapewi."

"Nenda zako! Umekuwa daktari wa uyoga?"

"Una wajukuu?"

Mama akatupa jicho kiti cha nyuma. "Suqin huyo, mkamwana wangu, ndiye mgumba. Tunampeleka hekaluni akaombewe."

Suqin alikuwa amepakata chupa ya supu, ya kumpitishia mumewe kazini. Basi likiwa limeshashika njia, akafungua dirisha, akafungua kifuniko, akaimwaga yote barabarani.

"We! Dawa ya mwanangu!"

Basi likasimama. "Hekaluni!" dereva akaita. Suqin akafunga dirisha, akabaki amekaa.