Filamu Iliyowainua Watu wa Mpofi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Kama jirani hana betri, mwiteni naye asikie. Leo tunamkumbuka Mama Kasoki wa Mpofi, kule Walikale. Ametuacha juma lililopita kwa ugonjwa, kitandani kwake, binti yake Kavuo akiwa amemshika mkono. Narudia: Mama Kasoki, mzaliwa wa Butembo, mwenye duka la chumvi na sabuni, na mwenye sale ya video, yaani ukumbi wa filamu, wa Mpofi.

Watu wa umri wangu wanaikumbuka sale ile. Mbao ubavuni, bati juu, mabenchi ndani, televisheni moja juu ya meza, na nyuma ya ukuta groupe, jenereta ya umeme, inanguruma. Ilikuwa miaka ya vita. Mpofi ilijaa watu waliokimbia vilima vya Masisi, na wengine waliotoka Pinga na magodoro kichwani. Mmoja wao alikuwa Habineza, mkulima wa Masisi, mwenye sauti nzito kama ya padri. Huyu ndiye aliyesimama kando ya televisheni akitafsiri. Mtu wa kwenye filamu akisema maneno mawili, Habineza alisema ishirini. Watu walimpenda hivyo hivyo.

Sasa, Mama Kasoki alikuwa na tabia yake. Wenye sale wengine hukaa mlangoni kutazama nani anaingia. Yeye alitazama nani anatoka. Mtu akitoka kabla filamu haijaisha, Mama alimshika mkono wa shati. "Kaka, unaenda wapi? Filme imekukosea nini?" Na hakumwachia mpaka ajibu. Kavuo anacheka akikumbuka. Anasema: "Mama alikuwa anasemaka, muntu mwenye anaingia hajue kitu. Uliza mwenye anatoka."

Na alijifunza mengi, jamani. Alileta filamu ya vita, mabomu tangu mwanzo hadi mwisho, ikaanguka siku hiyo hiyo, mabenchi yakabaki tupu. Mzee mmoja akamwambia wazi: "Mama, vita iko kule Pinga, ya bure. Njo nikuye kulipa hapa?" Alileta filamu ya mapenzi, yenye mabusu. Nayo ikaanguka, na hiyo ilimsumbua kidogo, maana vijana walikuwa wameisifu tangu asubuhi. Kumbe Mpofi ni ndogo, kila mtu ni mkwe wa mtu. Mwanaume amekaa benchi la mbele, mama mkwe wake yuko nyuma yake, na kwenye televisheni watu wanabusiana! Mkwe gani atabaki? Mama Kasoki akagawa siku: mama wakwe Jumamosi, wakwe zao Jumapili baada ya misa. Filamu ile ile ikajaza sale. Mnaona? Filamu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mabenchi.

Lakini kulikuwa na filamu moja iliyomshinda. Guylain, mfanyabiashara aliyemletea filamu kwa pikipiki, aliisifia sana. Alisema kule Butembo watu walijaa mpaka madirishani. Juu ya karatasi ya kasha la filamu palikuwa na bibi harusi anacheka. Hadithi yenyewe ni hii: tajiri anakufa, watoto wake wanagombana, mwishowe binti yake anaolewa. Mpofi nzima ilikuja kuona harusi. Na hakuna hata mmoja aliyeiona. Filamu ilipofika katikati, watu waliinuka. Mmoja, kisha mwingine, kisha benchi zima. Mama akaionyesha tena juma lililofuata. Wakainuka pale pale.

Akauliza mlangoni, kama kawaida yake. Mmoja akasema sauti iko chini. Mwingine akashika tumbo. Mama Nyiransabimana, aliyekuwa amekimbia kutoka Masisi na wajukuu zake, akasema ana maharage motoni.

"Maharage ya kijiji muzima?" Mama Kasoki akamuuliza.

Yule mama akaenda zake. Jambo lile likamkaa rohoni, maana alikuwa mtu wa kupenda kujua, na asichokijua kilimwasha. Mwishowe akamuuliza Habineza, wakimenya karanga nyuma ya duka. "Filme ile iko na nini?" Habineza akamenya karanga nyingine kwanza.

"Mama," akasema, "pale wanatosha inje maiti ya tajiri mu nyumba, weye unakuwaka wapi?"

"Niko kwa groupe. Groupe inakohoa."

"Na groupe inakohoaka kila mara pale pale?"

Mama Kasoki aliinuka, akakung'uta maganda, akaingia ndani. Habineza anasema siku hiyo alijua kabisa kwamba kazi yake ya kutafsiri imekwisha.

Hapa, wasikilizaji wapendwa, lazima niwaambie habari ya Léopold. Léopold alikuwa mume wa Mama Kasoki. Nyakati zile mgodi wa Bisie ulichimbwa kwa mikono, na karibu kila walichokula wachimbaji kilifika mgongoni mwa watu, kwa njia ya msitu. Léopold akaenda na mzigo wa sabuni na chumvi. Njiani risasi zikalia. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Ndugu wa Butembo wakatuma ujumbe: njoo tufanye matanga. Mama Kasoki akakataa. "Sikuone maiti," alisema. "Bila maiti, sina kilio." Mtu akimuulizia mumewe dukani, jibu lilikuwa moja: "Papa Léopold iko njiani." Alisema hivyo mwaka hata mwaka, amevaa vitenge vya rangi kali, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Kesho yake mchana alifunga mlango wa sale, akawasha groupe, akakaa na Kavuo benchi la mbele. Safari hii hakuinuka. Jeneza likatolewa nyumbani. Lilikuwa zuri, limepakwa rangi, wanaume wenye suti wamelibeba, wanawake nyuma yao wanaimba. Roho ilimuuma, na kilichomshangaza ni kwamba kilichouma kilikuwa wivu. Aliwaonea wivu waigizaji. Kavuo anayakumbuka maneno yake: "Kavuo, watu wale ni ya uongo, lakini maiti yabo iko. Yetu ni ya kweli, na haiko."

Jioni akaenda kwa Mama Nyiransabimana. Hakuuliza habari ya maharage. Alikaa tu karibu na moto, na yule mama, alipomwona vile, akasema lililokuwa moyoni mwa wote.

"Mama, muntu akikufa tunakalaka chini, kwa mikeka. Hatulipake mulangoni. Weye unatukalisha kwa bench mbele ya maiti, karanga mu mukono. Na watu yetu wenye tuliacha kule kilimani, ata siku moja hatukuwalilia. Sasa nitatazama maiti ya mugeni namna gani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Watu waliojaza madirisha kule Butembo, wengi wao walikuwa na makaburi ya kupalilia. Walitazama kilio cha wengine, wakangoja harusi. Mpofi kila nyumba ilikuwa na mtu asiyezikwa. Na Mama Kasoki, bila kujua, alikuwa ameuza tiketi za matanga.

Jumapili baada ya misa, mabenchi yalitolewa nje. Ndani ilitandikwa mikeka. Moto uliwashwa mbele ya mlango, na beseni la maji ya kunawa likawekwa kando. Hapakuwa na tiketi wala karanga. Watu walileta unga na kuni, kama inavyofanywa penye msiba. Filamu ikaanza. Jeneza lilipotokea, Habineza akasimamisha picha. Hakutafsiri kitu. Alitaja tu jina la kaka yake mkubwa. Mama Nyiransabimana akataja majina ya watoto wake. Likafuata jina, na jina jingine, kutoka kila pembe ya sale. Watu waliokimbia bila nafasi ya kulia, siku ile walilia kwa sauti.

Mama Kasoki alikuwa bado amesimama mlangoni. Kavuo alimtazama, akaogopa kwamba atakwenda kwa groupe. Hakwenda. Alivua viatu, akapita katikati ya watu, akaketi mkekani.

"Bwana yangu, Léopold," akasema. "Alikufa."

Neno hilo hakuwahi kulisema. Wanawake walimzunguka, wakamfunga kitambaa kichwani, naye akalia mpaka sauti ikamkauka. Asiyelia naye siku ile, sijui aliumbwa kwa udongo gani.

Walipomaliza walinawa. Kisha Habineza akaiachia filamu iendelee, na Mpofi ikaiona harusi kwa mara ya kwanza. Ilikuwaje? Namnukuu Habineza mwenyewe: "Harusi haikukuwa na utamu. Ata bukari ya muhogo hawakukula." Watu wakaguna, na Mama Kasoki akacheka, macho yake bado mekundu. Tusidanganyane, wasikilizaji. Filamu nyingine huanguka kwa sababu ni mbaya tu.

Kwa Kavuo, kwa Habineza, kwa ndugu wote wa Mpofi na wa Butembo: poleni sana. Mungu awape nguvu, na ampokee Mama yetu. Nanyi mnaonisikiliza, kama nyumbani kwenu kuna jina mnaloliogopa kwa sababu halina kaburi, litajeni jioni hii, hata kwa sauti ndogo. Anayetajwa hajatupwa.

Mama Kasoki amezikwa karibu na kanisa. Fundi alipouliza aandike nini juu ya msalaba, Kavuo alimpa majina mawili. La juu ni la mama yake. La chini ni la Léopold. Baba yake naye sasa ana kaburi.