Jina Linalokula Boti

Mbele ya parokia, pale Manika, lipo benchi la Mama Bilonda, na kahawa yake ni chungu ya kumtoa mtu usingizi wa wiki. Asubuhi hiyo Séraphin alifika na uso wa mtu aliyefiwa. Anayo boti ya chuma inayovusha watu na samaki kwenye ziwa la Nzilo, na hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake. Jana soudeur, fundi wa kuchomelea chuma, aliigonga kwa nyundo, nyundo ikatokea upande wa pili. Kutu! Na boti yenyewe haijamaliza hata miaka miwili. Wenzake wakamwonea huruma kwa namna yao, yaani kila mmoja akataka kuwa wa kwanza kusema.

— Ni jalousie, wivu tu, akasema Mama Bilonda akimimina kahawa. Jicho ya jirani inatoboa ata sufuria.

— Jicho inatoboa chuma, mama?

— Sufuria yangu ngapi zimetoboka? Na niko na jirani moja tu.

Kabongo, anayeitwa Avocat kwa sababu hutetea kila upande ilimradi kahawa isiishe, akainua kidole.

— Hapana. Ile chuma ilikuwa mutoto, mulitia mu mayi mbele haijakomaa. Na wahenga balisema: kikulacho ki nguoni mwako. Donc, batu ya samaki bafule manguo.

— Manguo inaingia wapi, Avocat?

— Proverbe habaiulizake maswali, tata. Banaiheshimu.

Dodo alikuwa anangoja zamu yake. Jina lake la kijiweni ni Radio, kwa kuwa hutangaza bila kuombwa, na mara nyingi bila ukweli.

— Bote munalala. Ni shaba.

— Shaba gani?

— Ukifunga shaba na chuma pamoja, ukazitia mu mayi, inakuwa sawa batterie. Shaba inakula chuma polepole, yenyewe inabakia muzima.

Benchi zima likaangua kicheko.

— Radio! akasema Avocat. Shaba ya mugodi njo inatulisha sisi bote hapa, sasa ikule chuma? Juzi ulisema umeona mbuzi anapanda taxi-moto na casque ku kichwa!

— Casque alikuwa nayo, akajibu Dodo bila kupepesa jicho.

Séraphin naye alicheka mpaka machozi. Kisha akakumbuka jambo. Ubavuni mwa boti, pale pale mawimbi yanapopiga, yeye mwenyewe alikuwa amefunga kwa bulon na nati herufi kubwa za shaba: jina la mkewe, Godelieve. Siku padri alipoibariki boti, gati zima lilipiga vigelegele, na mkewe akalia kwa furaha mbele za watu. Na matundu ya jana, sasa akayaona vizuri kichwani, yalifuata herufi zile moja baada ya nyingine. Aliogopa, akawaeleza wenzake. Aende amwambie nini mwanamke yule? Kwamba jina lake ndilo linalozamisha chakula cha watoto?

Kabla hajapata jibu, Godelieve mwenyewe akatokea, beseni la samaki kichwani.

— Jambo yenu, batata.

— Jambo, mama.

— Papa Séraphin, banasema bateau inaoza. Inaoza wapi, fasi gani?

Swali dogo tu. Avocat akakoroga sukari ndani ya kikombe kitupu. Mama Bilonda akafuta benchi lililokuwa safi. Radio ikazimika, jambo ambalo Manika haijapata kuliona.

— Ku jina yako, akasema Séraphin, macho chini. Ile shaba njo inakula chuma.

— Ungeoa mwenye jina fupi, sawa Annie, Avocat akamnong'oneza, matundu ingekuwa kidogo.

Godelieve akatua beseni. Walidhani atalia. Alicheka, mikono kiunoni, akacheka mpaka madereva wa taxi-moto ng'ambo ya barabara wakageuka kutazama.

— Basi toa ile shaba! Andika na rangi. Ikitoka, utaandika tena.

— Kila mwaka?

— Kila mwaka, tata, mpaka tuzeeke. Na mara hii utie na E ya mwisho. Ku shaba uliisahau. Nilinyamaza juu niliona umefanya na moyo.