Fromaje ya Kumkimbiza Kétsia

Tarehe 30 Juni 2014 Mama Athanasie Uwingabire anaaga kituo chetu cha afya, hapa Karuba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alitakiwa kustaafu mapema zaidi, akakataa. Sababu ni mguu wa mtoto.

Alianza kama mkunga, akafundishwa ekografi, ile mashine ya kumchungulia mtoto tumboni. Vita vilipotufukuza mara ya kwanza, aliibeba mgongoni kwa kitenge. Njia nzima hadi Mweso akina mama walimpongeza kwa kujifungua, naye akawa anapokea pongezi.

Mwaka 2007 mashine hiyo ilionyesha kwamba mtoto wa Mama Kyakimwa, mwenye duka kutoka Butembo, alikuwa na mguu uliopinda. Mama Kyakimwa alilia: “Mutoto wangu atatembea kweli?” Athanasie akajibu bila kumuuliza daktari: “Atatembea, na atakimbia. Sitaenda ku pansiyo mbele nimuone anakimbia.” Yaani hangestaafu kabla ya siku hiyo.

Kétsia alizaliwa, akafungwa plasta ya kuunyoosha mguu, akavalishwa viatu maalumu. Kila alipokuja kuangaliwa, Athanasie, binti wa wafugaji, aliviringisha fromaje nzima, jibini la duara kama gurudumu, mteremkoni ili mtoto aifuate. Mpira tulikuwa nao, lakini alisema mpira haunukii. Siku moja fromaje ilifika kwenye kizuizi cha wanajeshi, wakajitupa chini wote. Walipoitambua waliishikilia kwa uchunguzi, wakatuma mtu kutafuta mkate. Tangu hapo kila fromaje iliyowafikia ilichunguzwa hivyo hivyo.

Mwaka 2012 tulikimbia tena. Viatu vya Kétsia vilipotea njiani na mguu ukaanza kurudi ulivyokuwa. Hata sisi wenye utani tuliogopa. Athanasie alizikataa karatasi za kustaafu, akaanza plasta upya.

Mwezi uliopita aliviringisha fromaje, akaikimbilia mwenyewe, akateleza na kukaa kitako kwenye matope. Kétsia akampita mbio, akaidaka hatua chache kabla ya kizuizi. Wanajeshi walibaki na mkate mkavu. Mama Kyakimwa alipiga vigelegele, na Athanasie, machozi yakimtoka, akatuambia: “Sasa mulete zile karatasi.”

Asante, Mama Athanasie. Tunakupenda, na kituo kitapwaya bila wewe. Nenda ukaishi vizuri, ule, upumzike. Ila ukiona fromaje inashuka kuelekea kwako, inuka ukimbie: Kétsia anasema sasa ni zamu yake kukupima.