Kilo Sitini na Nane za Afande Pazi

Baada ya miaka thelathini na tatu ya kupanga mizigo katika ndege za kikosi chetu cha usafirishaji, Afisa Mteule Pazi Msabaha anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu na kurudi kwao Kaole. Mizani anatuachia.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha ndege haizidiwi. Mafuta yalipigiwa hesabu, magunia na askari wakapandishwa mizani, naye akasoma kilo kwa sauti ya kusikika hadi getini. Mimi, Koplo Najma, nilitangazwa themanini na nne mbele ya makuruta, siku moja baada ya Idi, pilau ya mama ingali tumboni. Sijasahau, na leo kalamu ninayo mimi.

Yeye mwenyewe mizani hakupanda. Kila safari alijiandikia kilo sitini na nane, uzito aliojiunga nao jeshini. Mkewe, Bi Mwanaharusi, ana mkono wa wali wa nazi, na sote macho tunayo. Lakini nani amwambie mkubwa?

Masika moja kipindupindu kikaingia kisiwa cha mbali. Zahanati iliishiwa dripu na watoto wakawa wanazidiwa. Uwanja wa kule ni mfupi na hauna mafuta, hivyo tulibeba ya kwenda na kurudi. Hesabu ilijaa, haikubaki nafasi hata ya kilo moja. Rubani, Kapteni Naila, akaitazama fomu, akalitazama tumbo la Afande, akamwonyesha mizani.

Lo! Kilo mia moja na mbili. Nilisoma mimi, na sauti sikuibana.

Kilo thelathini na nne zilizozidi maana yake ni kushusha makasha manne ya dripu. Afande alikataa katakata. Alishuka yeye, mtu ambaye alikuwa hajawahi kukosa safari, akanikabidhi mizigo mimi niliyekwisha hesabiwa, na pale palipokuwa pake akapakia makasha sita zaidi. Nilicheka mpaka mlango ulipofungwa, kisha nikalia.

Muuguzi wa kule, Bi Mwajabu, alitueleza kwamba makasha hayo sita ndiyo yaliyowavusha wagonjwa hadi boti ya msaada ilipofika.

Afande, ahsante sana. Tunakutakia maisha mema wewe na Bi Mwanaharusi. Ule ushibe, hakuna atakayekupima. Fomu ya siku ile tumeitunza ofisini. Jina lako umelikata kwa mkono wako, na mbele ya kilo sitini na nane umeandika: dripu.