Bang Ok-nam na Mitungi ya Saetgol (1941–2019)

Msanii Bang Ok-nam alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 katika kijiji cha Saetgol, mkoa wa Gyeongsang Kaskazini nchini Korea, mtoto wa nne wa mfinyanzi Bang Deok-su. Baba yake alipenda kudai kwamba binti huyo alijua kufinyanga kabla ya kutembea, jambo ambalo mama yake alilikanusha maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha akahitimu ualimu wa sanaa mjini Daegu mwaka 1963. Miaka miwili baadaye alifunga ndoa na Pyo Sang-cheol, dereva wa lori, mtu mpole asiyejua sanaa wala kujifanya anaijua. Walijaliwa binti mmoja, Eun-byeol.

Mwaka 1975 ilitangazwa kwamba bwawa jipya lingeizamisha Saetgol. Wanakijiji walihamia magorofani, ambako mitungi yao ya kuchachushia soya haikuwa na nafasi. Ok-nam aliipakia yote kwenye lori la mumewe, thelathini na mmoja, pamoja na rojo lililokuwamo, akaipanga katika ua wa ukumbi wa maonyesho. Siku ya ufunguzi wanawake wa Saetgol waliipita hotuba bila kugeuka, kila mmoja akafunua mtungi wake na kuonja.

"Huu wako umezidi chumvi, dada. Ulikuwa unamkomoa mumeo?"

"Onja wako kwanza, ndipo uniseme."

Msimamizi alilalamika kwamba wanakula sanaa. Ok-nam alicheka mpaka akakaa chini. Wachambuzi waliandika kuhusu maumbile, maendeleo na jamii. Yeye alisema ni soya. Baada ya maonyesho aliihamishia kwenye paa tambarare la nyumba yake, na wanawake walikuja kila mwaka kuijaza upya, naye akayakatalia majumba ya makumbusho yaliyoitaka, maana yangeiziba kwa nta.

Aliugua mapafu kuanzia Februari 2019. Hakuogopa kufa, alihofia mitungi ingekosa mlezi, kwa kuwa Eun-byeol, mhandisi wa majengo, aliichukia harufu ya mitungi hiyo tangu utotoni.

"Mama, majirani watanifukuza."

"Waonjeshe kwanza, mwanangu, ndipo wakufukuze."

Alifariki usingizini tarehe 11 Oktoba.

Mumewe alikwisha kumtangulia; ameacha binti, mkwe wake Ma Tae-seop, wajukuu wawili, na mitungi ishirini na mitatu iliyo mizima. Jana asubuhi, kabla ya kuvaa nguo za msiba, Eun-byeol alipanda paani, akaifunua yote ipate jua, akaonja mmoja mmoja. Alisema wa mama yake ndio mbaya kuliko yote, na kwamba mwakani ataurekebisha.

Pumzika salama, Ok-nam.