Ukuta Anangoja Mpira

Benchi letu liko kando ya barabara ya ziwa, mbele ya thermos mbili za kahawa za mama Verediane. Kutoka hapo tunamwona mwanawe, Bizumuremyi, tunayemwita Ukuta. Miaka tisa alicheza Amerika ule mpira wa kubeba mikononi, mstari wa mbele wa walinzi, kazi yake kuangusha watu wenye mwili kama wake. Amerudi na kichwa kibovu kwa kugongwa. Leo tena, kama jana, tangu alfajiri yuko mchangani, ameinama, vidole vitatu chini, macho ziwani. Hospitali ya Kigali imemwekea kitanda mpaka leo saa nane tu. Akikikosa hicho, hakuna kingine. Naye haondoki.

— Iko anasikiliza volkano, alisema Bahizi, ambaye kwa wingi wa maneno tunamwita Redio. Mwaka ule udongo ilitetemeka, mbwa zilijua mbele yetu.

— Volkano iko nyuma yake, Redio, mmoja wetu alimjibu.

— Donc we masikio yako inasikia mbele tu?

Mbarushimana, aliyekulia Tanzania, alitikisa kichwa.

— Nilimuuliza mwenyewe. Mchezaji wa mstari havuki mpaka mpira usogee. Akianza mapema, timu nzima inaadhibiwa. Basi anangoja.

— Anangoja mpira gani, sha? Hapa iko muchezo? aliuliza Redio.

— Kwake upo.

Verediane alikuwa anamimina kahawa bila kuangalia kikombe.

— Jana wanaume sita walimuvuta, wakachoka wao. Muniambie kitu itamuinua. Ya volkano muache.

Mzee Onésphore, tunayemwita Tonton, akashusha sauti.

— Mama, usikasirike. Ile watu aliangusha miaka yote, mi naona imemufuata. Imejipanga mbele yake, pale maji inaanzia. Angalia ndege. Toka asubuhi hata moja haijatua pale.

Tuliangalia. Ilikuwa kweli.

— Bon, Tonton, unatisha mama wa watu bure, alisema Redio. Lakini alivuta miguu yake chini ya benchi.

Saa tatu gari la hospitali likafika. Dereva, bwana mmoja mpole aitwaye Gentil, alisikiliza habari yote akiwa amesimama, funguo mkononi.

— Nimeelewa, alisema. Hasogei mpaka mpira usogee. Na mpira ameushika nani?



Verediane aliweka thermos chini, akashuka mchangani. Alichuchumaa kando ya mwanawe, akagusa mchanga kwa vidole vitatu kama yeye, akaangalia kule anakoangalia. Gentil alipiga hatua moja kwenda kumwita, maana muda ulikuwa unakwenda.

Mama, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma kutuzuia. Tusisogee: mpira bado haujasogea.